Wakuu wa HR mnalipwaje? Nimeambiwa nitaje mshahara ninaoutaka, nimekwama

#1 Tunu wa Vingunguti (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo naomba tulijadili kistaarabu, wa matusi wapite mbali.

Mimi ni meneja rasilimali watu kwenye kiwanda kimoja hapa Dar, huku barabara ya Pugu. Mwaka wa 11 huu kwenye fani, nilianza kama karani wa mafaili ya likizo. Wiki iliyopita nimepita usaili wa tatu kwenye kampuni nyingine, kubwa kuliko yetu, wafanyakazi karibu 900, matawi mikoa minne. Cheo ni Mkuu wa Rasilimali Watu. Juzi wamenitumia fomu ya kurasa mbili. Ukurasa wa pili, swali la mwisho kabisa: "Taja mshahara unaoutarajia."

Jamani. Hiyo fomu iko mezani tangu juzi na kikombe cha chai kimeshaiachia alama ya duara.

Mimi ndiye ninayeandaa mishahara ya watu 310 kila mwezi. Najua dereva wa foklifti anapata ngapi, mlinzi wa geti la nyuma anapata ngapi, mpishi wa kantini aliyeongezewa elfu ishirini akanipikia chapati wiki nzima anapata ngapi. Yote iko kichwani. Ukiniuliza wangu unatakiwa uwe ngapi, nakuwa bubu.

Na kuna kitu kinaniuma siku nyingi. Kwenye faili la mishahara mstari wa 4 ni meneja wa fedha, mstari wa 5 ni mimi. Tumeingia mwaka mmoja, kwenye chati ya ofisi visanduku vyetu vimelingana, kikao cha Jumatatu tunakaa ubavu kwa ubavu. Kila tarehe 23 nikishusha kishale kutoka wa 4 kwenda wa 5, naona milioni moja na laki nne zimepotea njiani. Miaka sita sasa. Sijawahi kuuliza, maana nikiuliza nitaambiwa "umejuaje?"

Kwa sasa napata 4,600,000 kabla ya makato. Nilitaka kuandika 6,000,000 nikasita, nikaona wataniona nina tamaa. Kweli mganga hajigangi. Naombeni mwongozo: wakuu wa HR bongo mnalipwaje, na hiyo namba inapangwa na nini hasa?

#2 Chuma Ulete

HR nao wanataka hela? Kazi yenu kuandika barua za onyo na kuagiza keki mtu akitimiza miaka. Andika laki nane, na hapo tumekuonea huruma.

#3 Mama Nuru

Dada Tunu, usiandike namba yoyote kwanza. Nakuja kwa kirefu usiku nikishalaza watoto. Na huyo wa #2 msamehe, inaonekana alishapewa barua.

#4 Mzee Mizani

Mwanangu Tunu, mimi nimestaafu. Kazi hii nimeifanya miaka 33: shirika la umma, halafu mgodini Kanda ya Ziwa, nikamalizia benki. Ngoja nikueleze namba inavyozaliwa, kwa sababu hata ma-HR wengi wanaipokea tu kama mvua.

Kampuni zilizojipanga hazianzi na wewe. Zinaanza na kisanduku. Kisanduku kinapimwa kikiwa kitupu, bila jina la mtu. Njia iliyoenea sana ni ile ya Hay, kampuni ya ushauri iliyoanzishwa Philadelphia mwaka 1943. Wanaangalia mambo matatu: kazi inataka ujuzi kiasi gani, inataka kufikiri kiasi gani kutatua matatizo, na mwenye kazi anawajibika kwa kitu kikubwa kiasi gani. Kila jambo linapewa alama, alama zinajumlishwa, jumla inakuonyesha gredi, yaani ngazi ya mshahara.

Mgodini tulitumia Paterson, mfumo uliokuja na Waafrika Kusini. Huo unatazama kitu kimoja tu: maamuzi. Herufi A mpaka F. A ni yule anayeambiwa beba hiki weka pale. F ndio wanaoamua kampuni iende wapi. Sasa sikiliza vizuri. HR anayesimamia payroli, likizo, barua za onyo na usaili wa mafundi, huyo ni D. HR anayeamua kama zamu ya usiku ifungwe, kama vibarua wa wakala waingizwe kwenye ajira ya kampuni, kama mkataba wa hali bora na chama cha wafanyakazi usainiwe kwa asilimia ngapi, huyo ni E. Anaweza kuwa mtu yuleyule, ofisi ileile, shahada ileile ukutani.

Mimi nilikaa D miaka saba. Siku nilipopandishwa E sikuongezewa kazi hata moja. Kilichobadilika: nilikuwa naripoti kwa mkurugenzi wa fedha, nikaanza kuripoti kwa mkurugenzi mkuu. Basi. Mshahara ukapanda kwa theluthi nzima.

Shahada ya uzamili inakufikisha mlangoni. Miaka ya kazi inakupa mahali pa kukaa ndani ya gredi, maana kila gredi ina sakafu na dari, na mgeni huwekwa chini ya katikati ili abaki na nafasi ya kupanda. Lakini ni gredi gani, hilo linaamuliwa na kiti.

Kwa hiyo kabla hatujataja shilingi, tuambie. Huko unakokwenda utaripoti kwa nani?

#5 Tunu wa Vingunguti

Shikamoo mzee. Nimerudi kwenye tangazo la kazi sasa hivi kuangalia. Limeandika "ataripoti kwa Mkurugenzi wa Fedha na Utawala."

#6 Mzee Mizani

Marahaba. Basi wamekuitia kisanduku cha D wakakipaka rangi ya E. Cheo kikubwa, kiti kidogo. Ukiandika 6,000,000 watakupa na watachekelea. Ukiandika 9,000,000 watakuona umechanganyikiwa, kwa sababu mkurugenzi wa fedha hatakubali mtu wa chini yake amkaribie.

#7 Kijana wa Payroli

Mzee kamaliza. Mimi niongeze hesabu, maana watu hapa wanataja mishahara bila kusema ni ya kabla ya makato au ya mkononi.

Tufanye umeandika milioni 8. NSSF yako, mfuko wa hifadhi ya jamii, 10%, 800,000 inaondoka. Inabaki 7,200,000 ya kukatwa kodi. Kwa milioni ya kwanza kodi ni 128,000, kinachozidi hapo ni 30%. Kwa hiyo 6,200,000 inakatwa 1,860,000. Kodi yote 1,988,000. Mkononi 5,212,000.

Kama Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu bado wanakudai, wao wanachukua 15% ya mshahara wa msingi: 1,200,000. Umetoka na 4,012,000. Nusu ya milioni 8, na bado hujalipa king'amuzi.

Upande wa mwajiri nako anatoa. NSSF yake 800,000. Tozo ya ufundi stadi, iliyoshushwa hadi 3.5% Julai 2023, ni 280,000. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi 0.5%, ni 40,000. Wewe unamgharimu 9,120,000 kabla hujawasha hata taa ya ofisi. Mkiwa kwenye mazungumzo yeye ana namba hiyo kichwani, wewe una ile ya 5,212,000. Kila mmoja anaona mwenzake mroho.

Sasa siri ya wakubwa iko kwenye gari. Ukipewa posho ya usafiri ya 1,500,000 kwa mwezi taslimu, kwa kipato chako inakatwa 30%, yaani 450,000 kila mwezi. Ukipewa gari la ofisi, sheria ya kodi ya mapato inalihesabu kwa ukubwa wa injini na umri. Gari la injini kubwa kuliko cc 3000, chini ya miaka mitano, linaongeza 1,500,000 kwenye kipato chako kwa MWAKA. Kodi yake 450,000 kwa mwaka mzima. Namba ileile, moja unalipa kila mwezi, nyingine mara moja kwa mwaka. Na kama kampuni haidai gharama za hilo gari kwenye hesabu zake za kodi, hata hiyo huhesabiwi. Ndio maana mabosi wanapenda V8 kuliko nyongeza.

#8 Chuma Ulete

Milioni 8 na gari kwa mtu wa keki. Hii nchi ina hela.

#9 Tunu wa Vingunguti

Chuma Ulete, kaka yangu, ngoja nikupe kisa.

Kampuni niliyokuwa kabla ya hii nilikuwa afisa tu. Biashara ikayumba, wakubwa wakaamua kupunguza watu 40. Uamuzi ulipita Jumatano, Ijumaa watu waondoke. Mkuu wetu wa HR aliandika dokezo la kurasa mbili kupinga: sheria inataka utoe taarifa mapema, ueleze sababu, ukae na chama cha wafanyakazi mshauriane nani anaondoka na kwa vigezo gani. Akajibiwa "wewe andika barua tu."

Barua niliziandika mimi, zote 40, mchana mmoja. Printa iliishiwa wino kwenye ya 27, nikatumwa dukani kwa bodaboda. Namkumbuka wa 27 ni nani mpaka leo, kwa sababu barua yake nusu ilitoka ya kijivu.

Watu wakaenda CMA, tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi. Kwa sheria ya 2004 ilivyokuwa wakati ule, ukiachishwa isivyo halali fidia isipungue mishahara ya miezi 12. Wastani wa mishahara yao ulikuwa 420,000. Piga mwenyewe: 40 mara 420,000 mara 12. Ni 201,600,000. Bado wakili, bado siku za mameneja kukaa kwenye benchi wakisubiri kuitwa.

Yule mkuu wa HR aliyeandika lile dokezo alikuwa analipwa 3,800,000. Walichopoteza kwa kutomsikiliza ni mshahara wake wa miezi 53. Ndio keki hiyo.

#10 Chuma Ulete

Haya, nimekaa chini.

#11 Mtumishi Mwandamizi

Niwape na upande wa pili. Huku serikalini hakuna wa kukuuliza unataka ngapi. Mkurugenzi wa Utawala na Usimamizi wa Rasilimali Watu kwenye wizara anakula ngazi yake iliyoandikwa, wizara iwe na watu 300 au iwe na walimu wa nchi nzima. Anayepata kazi kubwa zaidi anapata kazi kubwa zaidi, nukta.

Mashirika ya umma yako tofauti kidogo, kuna bodi na kuna Msajili wa Hazina. Zamani kule kulikuwa na uhuru. Mnakumbuka 2016, hayati Magufuli alivyosema kuna wakuu wa mashirika wanalipwa mpaka milioni 40, akataka asiwepo wa kuzidi milioni 15. Watu wakashangilia. Ila walio chini ya mkurugenzi mkuu ndio tulioelewa maana yake: ukishusha paa, na kabati lazima ulishushe. Mkurugenzi mkuu akiwa na dari la 15, mkurugenzi wa HR hawezi kukaa 14. Anasukumwa chini, na meneja wake anasukumwa chini zaidi, mpaka unakuta mkurugenzi na meneja wanapishana laki chache na mmoja halali usingizi.

Tunachopata huku ni utulivu. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, mwajiri anachangia 15% wewe 5%, siyo 10 kwa 10 ya huko kwenu. Kwa mshahara wa milioni 5 mimi nakatwa 250,000, mwenzangu wa NSSF anakatwa 500,000. Kuna posho za safari. Na hakuna mtu anayeamka Jumatano akaamua uondoke Ijumaa. Mambo ya kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya kustaafu, tusiyafungue hapa, uzi utaharibika.

#12 Kahawa Chungu, Nairobi

Wadau wa Bongo, salamu. Huku kwetu kuna kitu nyinyi hamna. Tangu sheria ya 2012 ya wataalamu wa rasilimali watu, HR ni taaluma yenye leseni kama uwakili. Unasajiliwa, unalipia cheti cha kufanyia kazi kila mwaka, na ukivurunda unaweza kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Imeinua mishahara? Kidogo. Imezuia wenye kampuni kumweka shemeji yake kwenye kiti, hilo ndilo nililoliona.

Kinachoinua pesa Nairobi ni mipaka. Bosi wa HR wa kampuni ya kimataifa hapa mara nyingi anashika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda kwa pamoja. Kila mpaka una sheria yake ya kazi, kodi yake, chama chake. Mtu wa nchi nne na mtu wa nchi moja hawalipwi sawa hata kama wote wana watu 900.

Lakini msituonee wivu. Tangu Julai 2023 shilingi inayozidi laki nane kwa mwezi inakatwa 35%. Ongeza bima ya afya ya SHIF 2.75% isiyo na kikomo, ongeza ada ya nyumba 1.5%. Bosi anatajiwa milioni moja ya Kenya, watu wa ukoo wanasikia milioni, michango ya harusi inamfuata kwa milioni, na mfukoni hajaiona.

#13 Mtoto wa Msasani, Houston

Mmenifurahisha. Niko Marekani, niko idara ya HR lakini siyo bosi, msinitumie ujumbe wa kuomba tiketi.

Huku kampuni zilizo kwenye soko la hisa zinalazimika kutangaza malipo ya mkurugenzi mkuu, mkuu wa fedha, na wengine watatu wanaolipwa zaidi. Mkuu wa HR mara nyingi haingii kwenye hao watatu, kwa hiyo hata huku mshahara wake unabaki gizani. Akiingia ndipo unaona mambo. Apple mwaka 2022, Deirdre O'Brien, aliyekuwa anashika maduka pamoja na watu, alihesabiwa kama dola milioni 27. Mshahara wenyewe hapo ni milioni 1. Kinachobaki ni hisa na bonasi. Yaani mshahara ni chumvi, ugali wenyewe ni hisa.

Usifananishe na mameneja wa kawaida. Takwimu za serikali za Mei 2023 meneja wa HR wa katikati kabisa alikuwa dola 136,350 kwa mwaka. Kati ya huyo na yule wa maduka kuna mbingu na ardhi, na wote ukiwauliza wanasema wako HR.

Dada Tunu, lile swali la fomu lako kuna majimbo limegeuzwa. Colorado tangu 2021, California na New York tangu 2023, tangazo la kazi lazima litaje kiwango, kuanzia ngapi mpaka ngapi. Mwajiri ndiye anayeanza kutaja. Texas hapa bado, tunabahatisha kama nyinyi.

#14 Mama Nuru

Samahani, juzi nililala na watoto.

Mimi nilikuwa mkuu wa HR kwenye shirika la misaada, mradi wa afya, fedha za Wamarekani. Nililipwa vizuri, sitataja, ila Tunu angezimia. Kwenye mashirika yetu mshahara haupangwi na ukubwa wa kazi wala na chama cha wafanyakazi. Unapangwa na bajeti ya mfadhili na muda wa mradi. Mradi wa miaka mitano, mkataba wako unafuata mradi.

Januari 2025 amri ikatoka Washington, kazi zisimame. Tulikuwa watu 126. Nilikaa na wakili usiku nikipanga taratibu, notisi, malipo ya likizo, kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka. Nikaandika barua za madereva, za wauguzi wa jamii, za wahasibu. Ya mwisho ilikuwa yangu. Nilijiandikia "Ndugu," nikajishukuru kwa utumishi wangu, nikampelekea mkurugenzi asaini. Tulicheka wote wawili halafu yeye akatoka nje.

Kwa hiyo mimi naangalia kitu ambacho Mzee Mizani hakukigusa, kumwondoa mtu kunakuwaje. Watu wa ngazi zetu wengi tunapewa mikataba ya muda maalumu, miaka miwili mitatu, sheria inaruhusu kwa wataalamu na mameneja. Soma kipengele cha kuvunja mkataba kabla ya kipengele cha mshahara. Notisi ya kisheria kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Kwa mkuu wa HR ni kichekesho, huwezi kupata kazi nyingine ya ngazi hiyo ndani ya siku 28, nafasi zenyewe zinahesabika. Omba miezi mitatu.

Na angalia mshahara wa msingi. Wajanja watakupa pakeji ya milioni 8, ukifungua unakuta msingi 4 na posho 4. Kiinua mgongo kinahesabiwa kwenye msingi, gratuiti, yaani malipo ya kumaliza mkataba, vilevile kama umeahidiwa. Siku ya kuondoka ndipo utakapojua ulikuwa unalipwa ngapi kweli.

La mwisho, dada kwa dada. Nimeketi kwenye usaili mwingi upande wa kuuliza. Mwanaume akiulizwa anataja namba halafu ananyamaza. Sisi tunataja namba halafu tunaanza kuielezea, na kila sentensi tunayoongeza inaipunguza.

#15 Tunu wa Vingunguti

Mama Nuru hiyo ya barua yako mwenyewe imeninyima usingizi. Pole sana dada, na asante.

Mzee Mizani, swali moja. Nikiwaambia nataka kuripoti kwa mkurugenzi mkuu, si wataniona nataka makuu kabla sijaingia?

#16 Mzee Mizani

Usiwaambie unataka. Waulize. Uliza nani anasaini mkataba wa hali bora. Uliza mtu akishtaki CMA nani anaamua kusuluhisha au kupigana. Uliza bajeti ya mishahara inapopelekwa kwenye bodi nani anaiwasilisha. Kama majibu yote matatu ni mkurugenzi wa fedha, basi wanatafuta karani mkubwa, omba 6 yako uende ukalale. Kama wanakuangalia wewe, hiyo siyo kazi ya chini ya fedha na wao wenyewe wataliona.

Na usiandike namba kwenye fomu. Andika "baada ya kuelewa mamlaka ya nafasi."

#17 Kijana wa Payroli

Na mjue mkurugenzi wa fedha atachukia. Kwangu alinuna miezi minne.

#18 Mpita Njia

Mkuu wa HR wa hospitali ya misheni huku Mbeya je? Watu 400, zamu usiku na mchana, mshahara 1,900,000. Au sisi tunalipwa mbinguni?

#19 Mzee Mizani

Ndugu wa Mbeya, wewe ni E unayelipwa C. Mwajiri asiye na hela hapimiki kwa kisanduku. Omba nyumba, ada za watoto na matibabu, vitu walivyo navyo tayari.

#20 Tunu wa Vingunguti

Wakuu, mrejesho. Wiki tatu zimepita, samahani kwa ukimya, kulikuwa na mambo.

Niliandika kama mzee alivyosema. Baada ya siku nne wakaniita, safari hii nikakutana na mkurugenzi mkuu na mjumbe mmoja wa bodi. Nikauliza yale matatu. La kwanza wakajibu haraka, la pili wakatazamana. La tatu yule mjumbe wa bodi akasema, "Mwaka jana bajeti ya mishahara iliwasilishwa na fedha, tukauliza kwa nini wanaoacha kazi ni wengi, hakuna aliyekuwa na jibu." Nikanyamaza, nikamkumbuka Mama Nuru.

Waliporudi kwangu, kuripoti kumebadilishwa, naripoti kwa mkurugenzi mkuu. Nikataja 8,500,000 nikafunga mdomo. Kimya kilikuwa kirefu, nikahesabu vipande vya vigae ukutani, kumi na nne. Wakasema 7,000,000. Tukafika 7,800,000, yote msingi, mkataba wa miaka mitatu, notisi miezi mitatu, na gari la ofisi la cc 2,400. Bonasi wamekataa, wamesema tuzungumze mwakani.

Kijana wa Payroli, nimepiga kabla hujapiga: NSSF 780,000, kodi 1,934,000, mkononi 5,086,000. Gari jipya la injini hiyo linaongeza milioni 1 ya kipato kwa mwaka, kodi 300,000, ndio 25,000 kwa mwezi. Nabaki na 5,061,000. Bodi ya Mikopo tulimalizana 2019, namshukuru Mungu.

Sasa sikieni hii. Nimepeleka barua ya kuacha kazi hapa kiwandani. Kesho yake mkurugenzi ameniita, kafunga mlango, kasema kampuni inanithamini na wako tayari kuniongezea. Nikauliza ngapi. Akasema 6,000,000.

Milioni moja na laki nne. Ile ile, mstari wa 4 na wa 5. Hakutumia hata kikokotoo, aliitaja kwa kichwa. Miaka sita nilidhani mimi tu ndiye ninayeiona.

Naondoka tarehe 30.

#21 Mama Nuru

Nimepiga vigelegele mpaka mtoto kaamka.

#22 Chuma Ulete

Hongera sana dada, na yale ya keki yaishe. Huko mnahitaji dereva wa foklifti? Nina leseni na uzoefu miaka tisa.

#23 Tunu wa Vingunguti

Tuma vyeti kwenye ujumbe wa siri, nafasi mbili zinatangazwa mwezi ujao. Kwenye fomu ukurasa wa pili kuna swali la mwisho. Usiniulize uandike ngapi.

#24 Chuma Ulete

Naandika "baada ya kuelewa mamlaka ya foklifti."